Beki wa madaraja ya chini anaweza kuwa kocha wa timu ya taifa? Safari ya Hervé Renard inavyojibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni beki wa kati, nina miaka 31, na sijawahi kucheza Ligi Kuu hata siku moja. Magoti yameanza kulalamika na nataka kugeukia ukocha. Wenzangu wananiambia kwamba bila jina kubwa la uchezaji hakuna atakayenipa timu. Nikiwatajia kocha Mfaransa Hervé Renard, wanasema yule ana bahati tu, na ndiyo maana hakai mahali, kila baada ya muda kidogo yuko nchi nyingine. Nani mkweli hapa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kuhusu bahati, wenzako wamekosea. Kuhusu jina la uchezaji, wamekosea nusu. Ila na wewe, kabla hujamfanya Renard ngao ya kujikingia kwenye ubishi, inabidi umjue vizuri. Watu wengi huanza kumhesabia siku Zambia yake ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) mwaka 2012, wakairuka miaka zaidi ya kumi iliyotangulia. Jibu lako limo kwenye miaka hiyo.

Renard alizaliwa Aix-les-Bains, Ufaransa, Septemba 1968. Alikuwa beki kama wewe. Alilelewa kisoka AS Cannes, klabu ileile iliyomlea Zinedine Zidane, lakini hakuwahi kufika karibu na timu ya taifa ya Ufaransa. Kutoka Cannes alishuka Vallauris, kisha Draguignan, timu za madaraja ya chini kabisa ukilinganisha na alikoanzia. Huko Draguignan ndiko alikotundika daluga mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupewa timu aifundishe.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kufundisha Draguignan hakukumlisha. Renard alikuwa na kampuni ndogo ya usafi, na kazi yenyewe aliifanya kwa mikono yake. Aliamka usiku wa manane, akasafisha majengo na kutoa mapipa ya taka kabla watu hawajaamka, na jioni akawa uwanjani na wachezaji ambao nao walikuwa wametoka vibaruani. Ameisimulia habari hii mwenyewe mara nyingi bila kuona haya. Mimi naithamini kuliko picha zote za shati jeupe analojulikana kwa kulivaa kwenye mechi, kwa sababu inaonyesha alichojifunza pale: namna ya kumfundisha mtu aliyechoka, mwenye dakika sitini tu za mazoezi, asiyelipwa vya kutosha. Ukiweza kumfanya mtu wa namna hiyo akimbie kwa ajili yako, umeshapata kitu ambacho hakuna kozi inayokifundisha.

Mlango wake ulifunguliwa na Claude Le Roy. Huyu ni Mfaransa aliyeipa Kamerun Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1988, na yeye mwenyewe hakuwa mchezaji wa kutisha. Le Roy alimchukua Renard kuwa msaidizi wake China, kwenye klabu ya Shanghai Cosco. Fikiria: mtu ana shughuli yake nyumbani, anaiacha, anakwenda kuwa namba mbili katika nchi ambayo lugha yake haijui. Mwaka 2004 wawili hao wakaenda Uingereza, Cambridge United, klabu ya daraja la nne. Le Roy hakukaa muda mrefu, Renard akabaki kuwa kocha mkuu, na Desemba mwaka huohuo akatimuliwa. Akaenda Vietnam kwa muda mfupi, kwenye timu ya Nam Dinh. Akarudi Ufaransa kufundisha Cherbourg, daraja la tatu.

Kama wenzako wangemhukumu mwaka 2006, wangesema mtu huyu ameshindwa kila alikopita, na takwimu zingewaunga mkono. Lakini Le Roy alikuwa ameona kitu. Alipopewa Ghana alimwita tena awe msaidizi, na kwenye AFCON ya 2008 waliyoiandaa nyumbani Ghana ilimaliza nafasi ya tatu. Miezi michache baadaye Renard akakabidhiwa Zambia. Alikuwa na miaka 39.

Nakuomba usiipite haraka sehemu hii ya kuwa msaidizi. Vijana wengi wanaotoka uchezaji wanataka kuanzia kwenye kiti cha juu, na mtu akiwaambia wakabebe koni za kocha mwingine wanaona wamedharauliwa. Msaidizi anaona kila kitu bila kubeba lawama. Anaona kocha mkuu anavyozungumza na viongozi wa shirikisho wanaotaka mchezaji wao apangwe. Anaona jinsi ya kumwambia nyota kwamba leo anakaa benchi. Anajifunza nani wa kupigiwa simu posho zikichelewa na mgomo ukianza kunong'onwa hotelini. Soka la timu za taifa barani kwetu lina mambo mengi ya namna hii, na Renard aliyaona kwa Le Roy kabla hayajawa yake.

Sasa twende Zambia, maana hapo ndipo utaona anachokifanya vizuri kuliko wengi. Kipindi cha kwanza aliifikisha robo fainali ya AFCON 2010 kule Angola, wakatolewa na Nigeria kwa penalti. Akaondoka, akafundisha Angola kwa miezi michache, akaenda USM Alger ya Algeria, kisha Oktoba 2011 Zambia ikamwita tena. Rais wa chama cha soka alikuwa Kalusha Bwalya, nyota ambaye mwaka 1993 hakuwamo kwenye ndege iliyoanguka baharini karibu na Libreville na kuua kikosi cha taifa, kwa sababu yeye alikuwa akicheza Uholanzi na alipaswa kusafiri kivyake.

AFCON ya 2012 iliandaliwa na Gabon na Guinea ya Ikweta. Kwa jinsi ratiba ilivyopangwa, Zambia ingekanyaga Libreville kwa jambo moja tu: kucheza fainali. Walianza kwa kuifunga Senegal 2-1, wakaitoa Sudan robo fainali, wakaifunga Ghana 1-0 nusu fainali baada ya kipa Kennedy Mweene kupangua penalti ya Asamoah Gyan. Wakafika Libreville. Kabla ya fainali timu ilikwenda ufukweni kuweka maua kwa ajili ya waliokufa mwaka 1993.

Angalia kikosi chenyewe. Wengi walikuwa wanacheza TP Mazembe ya Kongo, Afrika Kusini au nyumbani, na nahodha Christopher Katongo alikuwa China. Upande wa pili walikuwapo Didier Drogba, Yaya Touré, Kolo Touré na Gervinho, na Ivory Coast ilikuwa haijaruhusu bao hata moja michuano mizima. Beki wa kushoto wa Zambia, Joseph Musonda, aliumia mapema kabisa akatoka analia. Drogba akakosa penalti kipindi cha pili. Dakika 120 zikaisha 0-0, na kwenye matuta Zambia ikashinda 8-7, Stoppila Sunzu akifunga la mwisho.

Wakati wachezaji wanakimbia huku na kule kushangilia, Musonda hakuweza hata kutembea. Renard akamwendea, akambeba mikononi mtu mzima yule, akamvusha uwanja hadi walipokuwa wenzake. Irudie video hiyo ukipata nafasi. Wapo wanaoitazama kama picha ya huruma. Mimi naiona kama ufundi wa kazi. Kocha ambaye katika dakika ya furaha kubwa kuliko zote maishani mwake anakumbuka nani hayupo kwenye duara, ujue amekuwa akiwahesabu watu wake hivyo tangu siku ya kwanza kambini. Na usidhani ni upole tu: mwanzoni mwa michuano hiyohiyo mchezaji aliyevunja muda wa kurudi kambini alirudishwa nyumbani.

Miaka mitatu baadaye alikuwa upande wa pili. Februari 2015 mjini Bata aliipa Ivory Coast kombe lilelile, tena kwa matuta, 9-8 dhidi ya Ghana, kipa Boubacar Barry akipangua na kisha kufunga penalti ya ushindi. Hakuna kocha aliyewahi kuchukua AFCON na nchi mbili tofauti kabla yake. Mara moja unaweza kuita bahati. Mara mbili, kwa mataifa mawili yasiyofanana kabisa, moja lenye wachezaji wasiojulikana na jingine lenye nyota waliokuwa wamechoka kulaumiwa kwa kukosa, hapana.

Swali lako la kuhamahama linapata jibu ukitazama alikoshindwa. Katikati ya makombe hayo mawili alichukua Sochaux ya Ufaransa ikiwa mkiani mwa msimamo. Akaifufua, lakini siku ya mwisho ya msimu wa 2013/14 wakafungwa nyumbani na Evian na kushuka daraja. Baada ya Ivory Coast akapewa Lille mwaka 2015, na Novemba mwaka huohuo akaondolewa. Mtu aliyetoka kuwa bingwa wa Afrika hakumaliza hata nusu ya msimu.

Kazi ya klabu na kazi ya timu ya taifa ni kazi mbili tofauti, hata kama zote zinaitwa ukocha. Kwenye klabu uko na wachezaji kila siku kwa miezi kumi. Maneno yako yanazoeleka. Hotuba iliyowatoa watu machozi mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja wanaijua kwa moyo. Unachohitaji pale ni mfumo unaojengwa polepole, usajili, na uvumilivu wa kurudia jambo lilelile kila siku. Timu ya taifa inakutana siku zisizozidi kumi hivi, wengine wanafika wamechoka na safari, na mazoezi ya maana kabla ya mechi hayazidi mawili au matatu. Huwezi kufundisha mambo kumi. Unachagua mawili, unayasema kwa maneno mepesi, na unamfanya kila mtu aamini kwamba akiyafanya hayo timu itashinda. Renard ameumbika kwa kazi hii ya pili, na kwa maoni yangu busara yake kubwa ni kwamba baada ya Lille aliukubali ukweli huo na kuacha kuhangaika na klabu.

Mfano mzuri ni Saudi Arabia, aliyokuwa akiifundisha, dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia la Qatar, tarehe 22 Novemba 2022, uwanja wa Lusail. Argentina haikuwa imefungwa katika mechi 36. Renard aliisogeza safu yake ya ulinzi juu mno, karibu na mstari wa katikati, jambo ambalo kwenye karatasi ni hatari kubwa mbele ya Messi. Ila lilikuwa jambo moja, linaeleweka, na wote wanne wa nyuma walilifanya kwa pamoja. Ndani ya kipindi cha kwanza Argentina ilifunga mabao matatu yaliyokataliwa kwa kuotea. Walienda mapumziko wakiwa nyuma kwa penalti ya Messi, na video ya chumba cha kubadilishia nguo ilisambaa baadaye: Renard anawafokea kwa Kiingereza, anawauliza kama wanataka kuchukua simu wakapige picha na Messi, maana wanamwachia nafasi wakimtazama. Dakika ya 48 Saleh Al-Shehri akasawazisha, dakika ya 53 Salem Al-Dawsari akafunga la pili, na mechi ikaisha 2-1. Hawakuvuka kundi, walifungwa na Poland na Meksiko, na hilo nalo useme unapobishana na wenzako, kwa sababu ukimsifia mtu kwa nusu ya habari hutawashawishi.

Ni vivyo hivyo Moroko, alikokuwa kabla ya Saudi Arabia. Aliwapeleka Kombe la Dunia la 2018, la kwanza kwao tangu 1998, bila kufungwa bao hata moja katika hatua ya mwisho ya makundi ya kufuzu, na tiketi waliikata Abidjan, nyumbani kwa timu aliyokuwa ameipa ubingwa. Alikwaruzana na nyota wa timu hiyo, Hakim Ziyech, akamwacha nje ya AFCON 2017, kisha wakapatana na Ziyech akawa Urusi pamoja naye. Kwenye AFCON ya 2019 wakatolewa na Benin kwenye hatua ya 16 bora, na hapo ukurasa ukafungwa.

Halafu akafanya jambo ambalo makocha wengi wa kiume wa kiwango chake walikuwa hawajalifikiria: Machi 2023 akachukua timu ya wanawake ya Ufaransa, ikiwa imevurugika, nahodha Wendie Renard (hawana undugu) akiwa ametangaza kujiweka pembeni. Nahodha akarudi, na miezi minne na kitu baadaye walikuwa robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Australia mjini Brisbane, wakatoka kwa matuta 7-6. Januari 2024, Ivory Coast ilipomfuta kazi kocha wake katikati ya AFCON iliyoiandaa yenyewe, ilimwomba Renard kwa mkopo, na shirikisho la Ufaransa likakataa. Emerse Faé, aliyekuwa msaidizi, akapewa timu na kuchukua kombe. Ona, tena ni msaidizi. Baadaye mwaka huo Renard alirudi Saudi Arabia.

Kwa hiyo, anahama kwa sababu kazi ya timu ya taifa yenyewe ina mwisho wake. Mkataba hufungwa kwa kipimo cha michuano: ukifuzu unabaki, ukitolewa mapema unaaga. Serbia ilimtoa kocha Bora Milutinović, aliyezifundisha nchi tano tofauti katika Kombe la Dunia tano mfululizo kuanzia 1986 hadi 2002: Meksiko, Costa Rica, Marekani, Nigeria na China. Hakuna aliyemwona mtu asiyetulia. Nne kati ya nchi hizo alivuka nazo hatua ya makundi.

Sasa jina la uchezaji. Nilisema wenzako wamekosea nusu, na nusu wanayoipata ni hii: jina linafungua mlango wa kwanza. Emmanuel Amunike alifunga mabao yote mawili ya Nigeria kwenye fainali ya AFCON 1994, akafunga la ushindi fainali ya Olimpiki 1996, akacheza Barcelona. Tanzania ilipomwajiri 2018 kila mtu alijua ni nani, ingawa tayari alikuwa pia ameipa Nigeria Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2015. Akaifikisha Taifa Stars AFCON 2019, ya kwanza tangu 1980, kwa kuifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam. Wakafungwa mechi zote tatu kule Misri, na mara tu baada ya hapo mkataba ukavunjwa. Medali zake hazikumwongezea hata mwezi mmoja. Baada ya mlango wa kwanza, mwenye jina na asiye na jina wanapimwa kwa kipimo kimoja, na nadhani hilo linapaswa kukutia moyo zaidi kuliko hadithi yoyote ya Renard.

Wewe ufanye nini? Una miaka 31, usisubiri kustaafu. Omba nafasi kwenye kozi ya leseni ya CAF (shirikisho la soka la Afrika) ya ngazi ya kuanzia msimu huu huu, maana ngazi ni D, C, B, A hadi Pro, na kati ya ngazi moja na nyingine kunahitajika muda wa kufundisha. Anayeanza akiwa bado anacheza anaokoa miaka. Waombe viongozi wa klabu yako wakupe vijana wa chini uwafundishe asubuhi. Beki wa kati una faida: umezoea kuuona uwanja wote ukiwa mbele yako na kuwapanga wenzako kwa sauti. Anza kuandika baada ya kila mechi unachokiona, nani alikuwa nje ya nafasi na kwa nini, ukiwa bado na jasho.

Kisha mtafute Le Roy wako. Chagua kocha anayekuzidi umri na uzoefu, anayeheshimiwa na wachezaji wake waliomaliza, umwombe uwe msaidizi hata kama malipo ni madogo. Jiongezee lugha. Kiingereza cha kuelezea mazoezi hakiepukiki, na Kifaransa kitakufungulia karibu nusu ya bara hili. Huhitaji sarufi ya kupendeza. Unahitaji kueleweka chumba kinapokuwa na kelele.

Usiache shughuli inayokulisha mpaka ukocha uanze kukulisha kweli. Na siku utakapopata mkataba wa nje ya nchi, kabla ya kuuliza mshahara soma vipengele vitatu: utalipwa nini ukivunjwa mapema, nani anachagua wasaidizi wako, na lengo la michuano limeandikwaje. "Kufanya vizuri" si lengo, kila kiongozi ataitafsiri anavyotaka siku mambo yakiharibika. Dai waandike hatua inayotajwa kwa jina, kwa mfano kufuzu au kuvuka makundi, na umpe mwanasheria asome kabla hujatia saini. Kuhusu magoti, mwone daktari wa michezo mapema, kwa sababu kocha anasimama na kuonyesha mazoezi kila siku, na utayahitaji kwa miaka mingine thelathini.